Ushanga Uliotembea Uani

Mama aliponiambia kwamba ameona ushanga ukitembea uani kwangu, nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, kiatu kimoja mguuni, na nilikuwa nimeshachelewa kazini. Nilimjibu kama binti aliyechelewa anavyojibu. "Sawa Mama, uuokote uniwekee." Akasema ushanga wenyewe haukubali kuokotwa, una haraka zake.

Nikacheka, nikaenda zangu mjini.

Mama alikuwa ametoka Ukambani kuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji, la pili lilikuwa linangoja zamu. Nilikuwa nikikaa naye kwangu Woodley, Nairobi, katika moja ya zile nyumba za zamani za baraza zenye uani mdogo kwa nyuma, umezungushiwa ua wa kayaba wenye miiba ya kumpa mwizi moyo wa toba. Uani huo nilikuwa nimeupanda nyasi kwa mkono wangu mwenyewe, nikazimwagilia hata wakati maji ya bomba yalipokuwa ya kubahatisha. Wiki ya kwanza tu, kabla hata ya upasuaji, Mama alizing'oa zote. Kwetu, nyumba yenye nyasi mlangoni ni ya mvivu au ya nyoka, na yeye hakuwa tayari kulala katika nyumba ya yeyote kati ya hao wawili. Aliufagia mpaka udongo ukawa mgumu na mtupu kama sakafu.

Kisha daktari akamkataza kuinama. Asiiname, asibebe vitu vizito, asikaze kope, asiguse jicho. Basi ufagio ukarithiwa na mimi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda ofisini kuhangaika na mafaili ya watu, nilikuwa nafagia uani wa udongo huku Mama amekaa kwenye kigoda chake na miwani nyeusi, ananielekeza kwa mkongojo. "Hapo nyuma ya mguu. Si huo, wa kushoto. Wewe ulifundishwa kufagia na nani?" Nilifundishwa na yeye, lakini sikusema, maana najua jibu ambalo ningepewa.

Ndivyo alivyopata nafasi ya kukaa na kutazama ardhi siku nzima. Kwa miaka mingi alikuwa akiuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kupitia nailoni. Sasa jicho moja lilikuwa jipya, na hakuna rangi iliyompita bila kusalimiwa. Alilisifu sweta langu la kijani ambalo limechakaa. Aliniuliza kwa nini miaka yote sikumwambia kwamba mapazia yangu yana maua.

Siku iliyofuata ushanga ulipita tena. Jioni nilipewa taarifa kamili: ni mwekundu mbele, mweusi nyuma, na sehemu ile nyeusi ina madoa meupe kama ya kanga. Si kanga ya kujifunga, kanga yule ndege. "Na una nywele," akaongeza.

"Ushanga una nywele?"

"Ndiyo. Fupifupi. Zimelala vizuri."

Siku ya tatu alinipigia simu kazini. Ofisi yetu iko katikati ya jiji, ghorofa ambayo lifti yake hufanya kazi ikipenda, na meza zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakuombea baraka kabla hujamaliza. Nikainamisha kichwa chini ya meza ili nisisikike.

"Leo nimeubana kwa mkongojo," Mama akasema. "Umelia."

"Umelia vipi?"

"Kama mlango wa kabati lako ule unaokwama. Nikauachilia, ukaenda zake. Nimeubana kweli na haukuvunjika."

Hapo sikucheka tena. Ushanga unaotembea ni jambo la jicho, nilijiambia, jicho bado linazoea. Ushanga wenye nywele, haya. Lakini ushanga unaolia ukibanwa, hilo halikuwa la jicho tena. Nilishikwa na hofu. Baba alikuwa amefariki, Mama alikuwa anaishi peke yake huko nyumbani na mbuzi wake, na sisi watoto wote tulikuwa Nairobi. Nikampigia kaka yangu.

Kaka ni kifungua mimba wetu. Ni mtumishi wa serikali, mtu mwema sana, na ugonjwa wake ni mmoja tu: anapenda kupanga. Alikuwa amejenga Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, na katika nyumba hiyo kulikuwa na chumba alichokiita chumba cha Mama tangu siku msingi ulipochimbwa. Chumba kina vigae, kina televisheni, kina kitanda kirefu ambacho Mama akikalia miguu yake inaning'inia. Mgonjwa haulizwi uji, na kwa Kaka, mzazi vilevile. Kwa muda mrefu alikuwa akingoja sababu ya kumtoa kule nyumbani, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakuwa analala akifikiria mama yake anachota maji peke yake. Sababu nikampelekea mimi kwa simu.

Alikuja jioni hiyohiyo na mapera na papai. Akaketi mbele ya Mama, akamwuliza kwa upole wa kutisha, "Mwaitu, leo ni siku gani?" Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Ni Alhamisi," Mama akasema.

"Na mimi ni mtoto wako wa ngapi?"

Mama akavua miwani, akamtazama kwa jicho lile jipya. "Wewe ni wa kwanza. Ulikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Uliza lingine."

Nilikimbilia jikoni nikacheka huko. Lakini Kaka alinifuata, akasema kwa sauti ya chini, "Si unaona? Hizo story za kitambo anakumbuka poa. Ni ya leo ndiyo inapotea. Hivyo ndio huanza." Akaniambia kwamba jicho la pili likishapona, Mama asirudi kijijini. Ataenda Mutuini. Mbuzi watauzwa, nyumba itafungwa, shamba atapewa binamu alime. "Hatuwezi kuacha mtu anasikia shanga zikilia aishi peke yake na jiko la kuni."

 Mama alikuwa kule sebuleni, na mlango ulikuwa wazi. Masikio yake hayajawahi kuwa na mtoto wa jicho.

Jumamosi nilikaa uani tangu asubuhi kuutafuta ushanga. Siku hiyo mawingu yalishuka mpaka karibu na paa, kukawa na baridi isiyo ya Januari. Nikatambaa kando ya kayaba kama mtu aliyepoteza hereni. Niliona vitundu, vingi, vyenye ukubwa wa kalamu, kila kimoja na kilima kidogo cha udongo laini mlangoni. Baada ya muda nikaona wenyewe wakitoka: nyuki wadogo wa kijivu, wapole, si wale wa mzingani, kila mmoja na shimo lake kama wapangaji wa ploti. Udongo mgumu mtupu ndio waliokuwa wanautaka. Mama, kwa kung'oa nyasi zangu, alikuwa amewajengea mtaa. Nikaona pia mdudu mweusi mwenye mabawa, akiruka chini chini, akienda na kurudi juu ya vile vitundu kana kwamba kuna mtu aliahidiana naye hapo. Sikumjali. Ushanga sikuuona.

"Hautoki bila jua," Mama akasema kutoka kigodani.

Nilimwitikia, ila moyoni nikasema, ndiyo, hivyo ndivyo wanavyosema waliopotewa na akili.

Jumapili Kaka alifanya lile ambalo watu wa kwetu hufanya wanapokabiliwa na jambo wasiloelewa. Baada ya ibada ya kwanza ya asubuhi aliwaleta akina mama wa kanisa waje kumwombea Mama akili. Walifika na leso za kichwani, na Biblia, na chapati za kuongezea zangu, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Sebule yangu haikuwatosha. Nikatandika mikeka uani. Jua lilikuwa kali, udongo unarudisha joto usoni, na Mama akawekwa katikati kwenye kigoda chake na miwani yake nyeusi, mtulivu, amefunga mdomo kama mtu anayengoja basi.

"Tufumbe macho, tuinamishe vichwa," mwenyekiti akasema.

"Daktari amenikataza yote mawili," Mama akajibu.

Wakatazamana. Mwenyekiti akaamua kwamba Mungu humsikia hata mtu aliyefumbua macho, ikiwa ana cheti cha daktari. Wengine wote wakafumba. Kaka alipiga magoti pembezoni mwa mkeka, kiganja kimoja ameegemeza kwenye udongo, kingine amekiinua juu. Mimi nilifumba nusu, kwa sababu nilikuwa na sufuria ya maziwa jikoni.

Maombi yalianza polepole, yakapanda. Waliomba kila mmoja kwa sauti yake, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kikamba, wakikemea roho ya usahaulifu na roho ya kuona yasiyokuwepo. Katikati ya hayo nikamsikia Mama akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Toa mkono."

Hakuna aliyejali. Nikafungua macho. Mama alikuwa ananyoosha mkongojo kumwonyesha Kaka kitu chini.

"Wewe, toa mkono. Umekuja."

Kaka alimsikia, najua alimsikia, maana alikunja uso kwa huzuni na kuomba kwa nguvu zaidi. Akakandamiza kile kiganja chini kama mtu anayepiga muhuri. Ndipo akapiga ukelele ambao nina hakika ulisikika mpaka Dagoretti Corner.

"Yesuuu!"

"Haleluya!" akina mama wakaitikia. Walidhani amejazwa.

Kaka akaruka juu, anakung'uta mkono, anazunguka, anakanyaga chapati. Kadiri alivyozunguka ndivyo wao walivyopandisha. "Mguse, Bwana! Mguse!" mwenyekiti akanguruma, macho ameyafumba kabisa, wakati mimi nilikuwa naona kwa macho yangu mawili kwamba alikuwa ameshaguswa vya kutosha. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku ile wenye macho walikuwa wamejiambia wasitazame.

Na pale chini, kwenye udongo niliofagia mwenyewe, ushanga ulikuwa unatembea.

Ulikuwa mwekundu kifuani, wekundu wa tofali. Nyuma mweusi ti, na madoa meupe kama ya kanga. Ulikuwa na manyoya mafupi yaliyolala vizuri. Ulikuwa na miguu sita, na pembe mbili nyembamba zilizokuwa zinagonga udongo mbele yake harakaharaka, kama kipofu aliyechelewa. Kaka akauona pia. Akaukanyaga kwa kiatu chake cha kanisani, kwa hasira yote ya mtu mzima aliyelia mbele ya wanawake. Alipoinua mguu, mdudu alibingirika mara moja, akasimama, akaendelea na safari.

"Glasi!" Mama akaniamuru. "Usisimame hapo kama nguzo, lete glasi!"

Nikamfunika. Akaanza kulia. Kweli kabisa, alilia, mlio mwembamba wa kukwaruza, mlango wa kabati langu mtupu. Maombi yakafifia moja moja, akina mama wakafumbua macho, na baada ya dakika chache wote walikuwa wamepiga magoti upya, safari hii kuizunguka glasi, mwenyekiti ameweka sikio juu yake.

"Ati analia," akasema kwa mshangao. "Kadudu kadogo hivi. Na nywele!"

"Na nywele," Mama akasema.

Nilimletea Kaka beseni la maji baridi. Mkono ulikuwa umevimba na machozi yanamtoka bila ruhusa yake. Mama alijongeza kigoda, akamshika ule mkono, akampulizia na kumpaka kitunguu, akimnong'oneza maneno ambayo sikuwa nimeyasikia tangu nilipokuwa mdogo. "Mwaitu," Kaka akasema, "nilidhani… sisi tulidhani…"

"Kunywa chai."

"Utarudi nyumbani. Jicho la pili likipona, nitakupeleka mimi mwenyewe."

"Na mbuzi?"

"Hakuna mtu atagusa mbuzi yako, Mum."

Jambo likaisha hivyo, au nilidhani limeisha. Akina mama walimaliza chapati zilizosalia na kumshukuru Mungu kwa majibu ya haraka. Nikamwachilia mdudu kando ya kayaba, kwa kuisukuma glasi na kipande cha kadibodi, nimesimama mbali kadiri mikono yangu ilivyofika.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilitafuta kwenye simu nikamjua. Waingereza humwita jina linalomaanisha sisimizi wa mahameli, na jina lenyewe ni la kupotosha, kwa sababu si sisimizi hata kidogo. Ni nyigu. Jike halina mabawa, ndiyo maana linatembea. Dume lina mabawa lakini halina mwiba. Yule mweusi niliyemwona Jumamosi akirandaranda juu ya vitundu alikuwa bwana harusi, na mimi nilimpita bila hata salamu.

Jioni nikamsomea Mama yote. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mume anarukaruka huko, na mke ndiye anabaki chini na silaha."

"Ndiyo."

"Hilo halihitaji simu."

Tukaanza kumtazama nyigu huyo pamoja. Jua likishika, saa nne za asubuhi hivi, na tena jioni kabla ya jua kuzama, yeye hutoka. Hapendi joto la mchana. Huenda kwa kukatakata kona, anagonga kila tundu kwa pembe zake, anaingia moja, anatoka, analidharau, anaingia lingine. Akipata analolitaka hukaa humo muda mrefu. Nyuki huchimba tundu, hujaza chumba kwa chavua, hutaga yai lake moja na kuziba. Mtoto wa nyuki hula, hunenepa, hujisokotea ganda alale ageuke. Hapo ndipo mwenye mahameli huja. Hutoboa, hutaga yai lake juu ya yule mtoto aliyelala, huziba tena kama fundi mwaminifu. Wa kwake akianguliwa anamkuta mwenzake amenona, na chakula ni hichohicho. Anatokea baadaye mlangoni kwa watu, amevaa vizuri.

Mama alisikitika kwa ajili ya nyuki. Siku moja nyuki alirudi na chavua miguuni, akamkuta mgeni ndani. Alijaribu kumsukuma nje, akajaribu kumchoma, lakini ganda la mgeni ni gumu, mwiba wa nyuki haupiti. Akabaki amekaa mlangoni pake na mzigo wake. Nilisema nilete maji ya moto tummalize huyu mnyang'anyi. Mama alifikiri sana, kama chifu aliye na kesi ya mpaka. "Nyuki ni wengi," akasema mwishowe, "na yeye ni mmoja, na hana hata mabawa. Mwache." Simu ilisema wako wengine wa jamii hiyo ambao dume humbeba jike hewani siku ya harusi. Tulingoja kuliona hilo kwa hamu, Mama akiwa tayari kupiga vigelegele. Wetu hakubebwa. Walikutana palepale chini, kwa muda mfupi, kisha akaendelea na kazi zake.

Zilikuwa wiki za raha sana. Jicho la pili likafanyiwa upasuaji, likapona vizuri. Kitu kimoja tu kilinichosha. Kila alipomwona, Mama aliniita. Nikiwa naosha vyombo, "Njoo uone." Nikiwa na sabuni usoni, "Njoo uone, haraka." Nikiwa kazini alinipigia nikiwa mbele ya mkubwa wangu, akataka nimwahidi kwamba nikirudi jioni nitaketi pale mpaka apite. Mwanzoni nilikimbia kila mara. Baadaye nilikuwa naitikia tu kutoka ndani, "Ndiyo, Mama, nimemwona."

"Hujamwona. Umekaa huko."

Jumamosi ya mwisho kabla Kaka hajaja kumchukua, nilikuwa napanga nguo zake kwenye mfuko nilipomsikia tena. "Njoo uone!" Nikatoka mpaka mlangoni, nimeshika gauni lake, nimekasirika kidogo.

"Mama, si ni yuleyule wa jana? Na wa juzi? Nimemwona mara ngapi?"

Hakunigeukia. Alikuwa anatazama chini, bila miwani sasa, macho yote mawili mazima.

"Mlipoleta wale watu wa maombi," akasema, "nilikuwa nimeshaanza kuwaamini nyinyi. Nilikuwa naona kitu, nyinyi mnasema hakipo, na nyinyi ni watoto wangu, mmesoma, mnanipenda. Nikaanza kujiuliza, kama hiki hakipo, ni nini kingine ambacho hakipo? Nilikuwa nikilala nauliza kama kweli nina mbuzi. Nauliza kama baba yenu alikufa kweli, tukamzika, au hilo pia niliona peke yangu."

Ni yeye aliyekuwa anasema hayo. Mama yangu, aliyemjibu Kaka bila kupepesa, aliyeketi katikati ya maombi yale kama mtu anayengoja basi.

"Ndiyo maana nakuita," akasema. "Nikimwona, nataka mtu mwingine pia amwone."

Nikaweka gauni kwenye kizingiti, nikaenda nikachuchumaa kando ya kigoda chake, bega langu likigusa goti lake. Mdudu alikuwa anapita karibu na kayaba, mwekundu kifuani, anagonga udongo kwa pembe zake.

"Namwona," nikasema. "Namwona, Mama. Yule pale."